Je, Wajua? Pindua Dumu Usome Kitako

Je, wajua kwamba ile namba iliyozungukwa na mishale mitatu kwenye kitako cha chupa au ndoo haisemi lolote kuhusu usalama wa chakula? Ilianza kutumika Marekani mwaka 1988, na kazi yake ni kutaja aina ya plastiki tu. 1 ni PET, ya chupa za maji. 2 ni polithilini nzito, ya madumu. 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini.

PET hulegea kwenye nyuzijoto 70 hivi. Ndiyo maana chupa ya maji ukiitia chai ya moto hujikunja. Polipropilini haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 150, kwa hiyo vijichupa vya maabara huingizwa kwenye mvuke wa nyuzi 121 ili kuua vijidudu, vikatoka na umbo lilelile.

Visahani vya kuoteshea bakteria alivibuni Mjerumani Julius Petri mwaka 1887, vikiwa vya kioo. Siku hizi vingi ni vya polistirini, angavu kama kioo chenyewe, lakini vidondoshee asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, uone vinavyoyeyuka.

Na kioo nacho kina mbabe wake: asidi ya hidrofloriki hukila, hivyo huhifadhiwa kwenye plastiki.

Je, wajua kwamba polithilini haikutafutwa? Mwaka 1933, huko Northwich, Uingereza, wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu jambo jingine kwa gesi iliyoshindiliwa vikali. Walipofungua mtambo wakakuta unga mweupe kama nta.

Jerikeni ilianza ikiwa ya chuma. Jeshi la Ujerumani liliibuni miaka ya 1930, ikiingia lita 20 za petroli. Askari wa Uingereza, waliowaita Wajerumani "Jerry", wakaipenda, wakaiiga, na jina likaganda. Leo kwa kawaida ni ya plastiki. Ikijaa maji huzidi kilo 20, na mara nyingi iko kichwani kwa mama au mtoto wa shule.

Chupa angavu ya PET, isiyozidi lita 2, iliyojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6, huua vijidudu vingi vya kuhara. Kukiwa na mawingu, iache siku 2.

Umewahi kulisugua dumu la mafuta ya taa, ukabadilisha sabuni mara tatu, na harufu ikabaki palepale? Haikukaa juu. Mafuta yamepenya ndani ya polithilini yenyewe. Viuatilifu vya shambani hupenya vivyo hivyo, ila vingine havinuki, na hapo ndipo roho yangu huuma ninapoona kopo la dawa likitekewa maji ya kunywa. Dawa ikiisha, kopo lisuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha kitako kitobolewe.