Mganga wa Meno Akiwa Likizo



Mara nyingi hapa Kalemie tunasikia mtu akisema: «Jino linaniuma, lakini mganga wetu yuko konje. Huyu aliyekuja simjui, nitangoja.» Anangoja majuma matatu. Usiku halali, asubuhi anameza vidonge vikali vya maumivu, kisha anapanda mashine. Mtu aliyekesha na kulewa dawa ni hatari kwa kikosi kizima.

Ujue kwamba anayeshika nafasi ya mganga wa meno ni mganga kamili. Amesoma, ana diploma. Ameazima kiti tu. Katika nchi yetu waganga wa meno ni wachache, na wengi wao wanakaa Kinshasa na miji mingine mikubwa. Kupata wa kushika nafasi ni bahati. Una shaka? Uliza diploma yake na ruhusa yake ya kazi. Mganga wa kweli hakasiriki. Lakini yule mng'oaji wa sokoni, mwenye koleo lisilochemshwa, hashiki nafasi ya mtu yeyote.

Kitu asichokuwa nacho mgeni huyu ni habari zako. Mganga wako wa siku zote anajua kwamba una presha, kwamba damu yako haikomi upesi, kwamba sindano ya ganzi iliwahi kukuangusha. Mgeni hajui. Peleka fishi yako na vidonge unavyomeza, useme yote kabla ya sindano. Mama mwenye mimba aseme pia, hata kama bado haionekani.

Zaidi ya yote, angalia jino lililoanzwa kutibiwa halafu likazibwa kwa dawa ya muda. Dawa hiyo haikuwekwa idumu. Ikivunjika, vijidudu vinaingia, usaha unajaa. Ukiona uvimbe chini ya taya au shingoni, mdomo haufunguki, kumeza ni shida, ulimi umeinuka au pumzi inabana, usitafute tena mganga wa meno: kimbia hospitali usiku uleule. Uvimbe huo unaweza kuziba koo na kuua. Wala usibandike aspirini kwenye ufizi, inauunguza.

Pengine umeme umekatika, naye mgeni anakwangua jino kwa vyombo vya mkono na kuliziba kwa saruji ya meno. Usidhani anabahatisha. Njia hiyo ilianza Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 1994. Tena haina kelele za mashine, ambazo wengi wetu tunaziogopa kuliko maumivu yenyewe.

Kabla hujatoka, mwombe aandike kwenye fishi: jino gani, dawa gani, kazi gani imebaki, na siku ya kurudi. Mganga wako atakaporudi kutoka konje, ataanzia hapo.