Kabla Hujafungua Kompyuta ya Duka: Linda Mikono Yako, Vipuri na Siri za Wateja

Kama una saiba au duka la wakala Naivasha, vumbi unalijua. Mji wetu uko kwenye kivuli cha mvua kati ya Aberdare na Mau, na udongo wa majivu ya volkeno ukikauka Januari na Februari hupenya kila mahali. Feni ya kompyuta huvuta vumbi hilo kutwa nzima. Baadaye feni inaanza kunguruma, boksi linapata joto, halafu mashine inajizima mteja akiwa anangoja kuprintiwa stetimenti yake ya M-Pesa.

Kusafisha unaweza kufanya mwenyewe. Kinachoharibu kompyuta nyingi ni haraka. Fuata hatua hizi.

1. Zima, chomoa, subiri

Umeme wa ukutani Kenya ni volti 240. Usitegemee swichi pekee: chomoa waya wa umeme nyuma ya boksi, kisha nyaya zingine zote. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, halafu ngoja dakika chache.

Pawa saplai, ile sanduku ya chuma inayopokea umeme, usiifungue hata siku moja. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kukupiga shoti hata baada ya kuchomoa. Ikinuka kuungua, ibadilishe nzima.

2. Ondoa umeme tuli mwilini

Umewahi kuvua sweta usiku wa baridi ukasikia ikialika? Huo ndio umeme tuli, na hewa kavu huuongeza. Mtu huuhisi ukifika takriban volti 3,000, lakini chipu inaweza kuharibiwa na kiasi kidogo ambacho hata hutakisikia. Ndiyo maana RAM inaweza kufa bila moshi wala cheche, ukabaki kumlaumu aliyekuuzia.

Kwa hivyo vua sweta, tumia meza ya mbao, usifanyie kazi kwenye zulia au kitanda. Kabla ya kushika kipuri chochote, gusa sehemu ya chuma isiyopakwa rangi kwenye boksi, ili wewe na boksi muwe na chaji sawa. Rudia kila baada ya muda mfupi.

3. Shika kingoni, usilazimishe

Piga picha ya ndani kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Skrubu ziweke kwenye kifuniko cha chupa. RAM fungua vibanio vyake, uishike pembeni, usiguse meno yake ya rangi ya dhahabu. Ina pengo moja tu. Ikikataa kuingia, igeuze, usiisukume kwa nguvu.

Vumbi litoe nje ya duka ukiwa na barakoa, kwa brashi laini au kipulizio. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza.

4. Diski ndiyo kabati la siri

Kipuri hiki kina thamani kuliko vyote. Humo mna kopi za vitambulisho, PIN za KRA na stetimenti za watu uliowahudumia. Diski ya kuzunguka haipendi kuangushwa, hata kidogo tu.

Ukipeleka kompyuta kwa fundi kwa shida ya feni au pawa saplai, toa diski ubaki nayo. Kama shida ni diski yenyewe, hamisha faili za wateja kwanza ikiwa bado inasoma, na uombe kukaa karibu fundi akifanya kazi. Ukiitupa au kuiuza, kumbuka kwamba kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuziondoi kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ulinde taarifa hizo, na mhalifu akipata namba ya simu na ya kitambulisho cha mteja wako, ameshapata pa kuanzia kumtapeli.

Ukimaliza

Funga boksi, rudisha nyaya ukifuata ile picha, washa, sikiliza feni. Kama ulimwita fundi, hakiki jina kwenye simu kabla ya kumtumia pesa. Hahitaji PIN yako ya M-Pesa kwa kazi yoyote ile; akiiomba, mchukulie kama tapeli.