Jongoo wa Chuma

Sogeeni. Wewe uliye nyuma, usimchokoze huyo jongoo kwa kijiti. Mlete hapa mbele, leo atatufundisha.

Mweke karibu na jiwe. Mnaona? Miguu iliyokanyaga jiwe imejikunja, iliyo bado chini imenyooka, na mgongo umetulia kana kwamba hakuna jiwe. Basi yuko jongoo mwingine, wa chuma, mwenye tairi badala ya miguu. Huyo hubeba mizigo ambayo lori la kawaida haliiwezi.

Hapa Mikinduri tumezoea pikapu za miraa, ziteremkazo kama zinafukuzwa. Miraa haingoji, hunyauka. Lakini iko mizigo isiyojua mbio. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, iliyozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Julai 2019. Kila mtambo una mapanga matatu, na kila panga lina urefu wa mita 25 hivi. Pigeni hesabu: mapanga 1,095, yote yakitoka bandari ya Mombasa, safari ya kilomita 1,200 hivi. Panga halikatwi vipande likaungwa mbele ya safari. Lami ya Isiolo, jirani zetu, iliyafikisha Laisamis. Kutoka hapo barabara ya kilomita 208 ilibidi itengenezwe kwanza.

Sasa leteni ile ngazi ya kuchumia maparachichi. Wewe mrefu shika mbele, wewe mdogo shika nyuma, mzunguke kona ya jikoni kwa kulia. Haya! Mmegonga ukuta. Kwa nini? Wa nyuma amefuata njia ya mkato, na tumbo la ngazi likaingia ukutani. Rudieni. Wa mbele akikata kulia, wa nyuma aende kwanza kushoto, kisha afuate. Mmepita!

Trela refu, ndiye huyo jongoo wa chuma, hufanya vivyo hivyo. Lori likipinda, vyuma na mabomba ya mafuta hupeleka habari hadi tairi za nyuma, nazo hupinda upande wa pili. Zile za katikati hupinda kidogo tu. Kona ikiwa kali mno, mtu hushuka, akatembea nyuma ya trela na kidude cha kuliongoza mkononi. Kichwa kina dereva wake, mkia una wake.

Je, uzito? Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inasema ekseli moja yenye tairi nne isizidi tani 10, na lori zima lisipite tani 56. Anayetaka kupita hapo huomba kibali cha KeNHA, wenye barabara kuu. Tuseme transfoma na trela lake ni tani 150. Trela hilo likiwa na safu 15 za ekseli, kila safu tairi 8, hizo ni tairi 120. Kila tairi inabeba kilo 1,250 tu. Mzigo ni uleule, ila umegawanywa.

Lakini barabara ina mashimo. Tairi moja ikining'inia, si jirani zake wataelemewa? Hapo ndipo jongoo anapokuja. Kila kikundi cha tairi kinasimama juu ya silinda yenye mafuta, na silinda zimeunganishwa kwa mabomba. Chukueni mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, myajaze maji na kuyaunganisha kwa mpira mwembamba. Ukibonyeza hili, lile linainuka. Vivyo hivyo tairi ikipanda jiwe, silinda yake inafupika, mafuta yanakimbilia kwa wenzake, nao wanarefuka. Wote wanabeba sawa.

Ila mafuta yote yakiwa ya shirika moja, yatakimbilia upande mmoja na mzigo utapinduka. Kwa hiyo mafundi huyagawa mara nyingi katika makundi matatu. Kwa nini matatu? Muulizeni nyanya yenu, sufuria yake imekaa juu ya mafiga mangapi?

Rudisheni ngazi, na mpite kona ileile bila kugusa ukuta. Mwenzetu jongoo, tulipokuwa tukipiga porojo, ameshafika ng'ambo ya jiwe.