BATRI YA MOTOKARI: NAMNA YA KUICHAJI BILA KUUMIA



Zamani batri ilikaa ndani ya motokari, na fundi wa garaji peke yake ndiye aliyeishika. Siku hizi sivyo. Hapa Ruashi, na katika sehemu nyingine za Lubumbashi, batri imeingia nyumbani. Umeme ukikatika, batri ndiyo inayowasha taa, kuchaji simu na kuendesha radio. Hata kanisani huendesha vipaza sauti. Wengine huichaji kwa mabamba ya jua, wengine kwa umeme unaporudi usiku, wengine kwa grupu. Ni kitu cha faida. Lakini watu wengi wameipokea pasipo kujua tabia yake. Huiweka chini ya kitanda au kando ya mbabula, mahali watoto wanapolala na kucheza.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, tunasoma kwamba Mungu aliwaagiza Waisraeli kuzungushia paa la nyumba mpya ukuta mdogo, asije mtu akaanguka kutoka juu. Nyumba zao zilikuwa na paa tambarare, na watu walipanda huko. Mtu akianguka, mwenye nyumba aliyeacha kujenga ukuta ule alihesabiwa kuwa na hatia. Basi, aliye na batri nyumbani imempasa naye kujenga ukuta wake. Ukuta huo ni maarifa na uangalifu. Soma polepole, kisha uwaeleze walio nyumbani mwako.

NDANI YA BATRI MNA NINI?

Batri ya namna hii si kitu kipya. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, aliivumbua mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba. Batri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Katika kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi, yaliyozamishwa katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa.

Asidi hii ndiyo ile ile inayotumiwa katika viwanda vya shaba vya Katanga kutoa shaba katika mawe. Tunaona malori yake barabarani. Mwezi wa Februari 2019, katika njia ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi liligongana na basi, na watu wengi wakafa, wengine kwa kuchomwa na asidi. Asidi ya batri imepunguzwa kwa maji, lakini bado hutoboa nguo, huchoma ngozi, na huweza kupofusha jicho.

Batri inapotoa umeme, asidi huingia katika mabamba, na maji yanayobaki huwa hafifu. Unapoichaji, asidi hutoka katika mabamba na kurudi katika maji. Ndiyo sababu batri iliyojaa ina maji makali kuliko batri iliyoishiwa.

HATARI USIYOIONA

Asidi waijua, kwa kuwa inaonekana. Lakini iko hatari nyingine isiyo na rangi wala harufu. Batri inapokaribia kujaa, umeme huanza kuyagawanya maji yaliyomo. Hapo hutoka hewa mbili: oksijeni na hidrojeni. Ukisikia batri inachemka kidogo ndani, ndizo hizo zinazotoka.

Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa zote. Hupanda juu na kukusanyika chini ya dari. Ikiwa sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya chumba ni hidrojeni, cheche ndogo yatosha kuilipua. Cheche hiyo yaweza kutoka katika kibiriti, sigara, mshumaa, taa ya petroli, makala ya mbabula, au waya unaoguswa tu na kuachwa. Tena hidrojeni hubaki ndani ya batri yenyewe, chini ya vifuniko vyake. Ndiyo maana batri hupasuka mbele ya mtu aliyeinama kuitazama kwa mshumaa. Ikipasuka, hurusha asidi na vipande vya plastiki usoni.

Kwa hiyo shika amri hii kuliko zote: usiku usimulike batri kwa moto. Tumia tochi, nayo uiwashe ukiwa bado mbali.

KABLA YA KUCHAJI

1. Tayarisha maji ya kunawa. Jaza bido mbili za lita 20, uziweke karibu pamoja na kikombe. Usiseme, "Bomba liko." Bomba laweza kukauka saa ile ile unayolihitaji. Kama huna maji, ngojea kwanza, usichaji.

2. Chagua mahali penye hewa. Barazani chini ya paa ni pazuri, pasiponyesha mvua. Ikikulazimu kuchaji ndani, iwe chumba ambacho hakuna anayelala wala kupika ndani yake, na madirisha yawe wazi. Usichaji kamwe katika chumba cha kulala. Grupu nayo ikae nje, mbali na mlango na madirisha, kwa maana moshi wake huua watu usingizini pasipo kuwaamsha.

3. Watoto wakae mbali. Weka batri mahali wasipoweza kuigusa wala kuvuta waya zake.

4. Vaa miwani ya kufunika macho, glavu za mpira na nguo ya zamani. Vua saa, pete na bangili. Chuma kikigusa vichwa viwili vya batri kwa pamoja, huwa chekundu kwa moto mara moja, na pete huunguza kidole hata mfupa.

5. Kama batri imo katika motokari, zima injini. Fungua kwanza waya wa kichwa chenye alama ya –, kisha wa kichwa chenye alama ya +. Wakati wa kuirudisha, anza na + na kumaliza na –. Ukifanya hivyo, ufunguo wako ukigusa bodi ya motokari hautatoa cheche. Lakini fundi akikuambia kwamba motokari fulani imepangwa vingine, fuata kitabu chake.

6. Tazama batri. Kama imevimba, imepasuka au inavuja, usiichaji. Hiyo imekwisha.

7. Kama batri ina vifuniko vya kufunguliwa, tazama kama maji yamefunika mabamba. Kama mabamba yako wazi, ongeza maji distile kidogo hata yafunikwe, basi. Usijaze hata juu, maana maji hupanda wakati wa kuchaji. Kisha rudisha vifuniko, na uhakikishe kwamba vitundu vyake vidogo havikuzibwa na uchafu. Batri iliyofungwa kabisa usiifungue kwa nguvu.

Hapa wengi hukosa. Dukani huuzwa chupa mbili: moja ni maji distile, nyingine ni asidi. Mtu huona maji yamepungua, naye hununua asidi na kuiongeza. Sivyo. Kilichopungua ni maji. Asidi imebaki ndani. Ukiongeza asidi, unaharibu mabamba. Maji ya bomba na ya kisima pia hayafai, kwa sababu yana chumvi za ardhi. Tena usiweke asidi wala maji distile katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

WAKATI WA KUCHAJI

Kwanza mashine ya kuchaji iwe imezimwa. Unganisha kibanio chekundu na kichwa cha +, na kibanio cheusi na kichwa cha –. Tazama tena mara ya pili. Ndipo uwashe mashine.

Usiilishe batri kwa haraka. Kanuni ya mafundi ni sehemu ya kumi: batri iliyoandikwa Ah 60 ichajiwe kwa ampea 6, ile ya 100 kwa ampea 10. Kwa mwendo huo batri iliyoishiwa hutaka saa 10 au zaidi. Ukizidisha nguvu ili kumaliza upesi, batri hupata joto, maji hukauka, na hidrojeni hutoka kwa wingi.

Mashine nyingi za sasa hujizima au hupunguza nguvu batri ikijaa. Zile za zamani haziachi mpaka uzizime mwenyewe. Kama yako ni ya namna hiyo, usilale ukaiacha. Wenye mabamba ya jua wasiunge bamba moja kwa moja na batri. Kati yao pawe na regilateri, ili izuie batri isilishwe kupita kiasi.

Mara kwa mara weka mkono ubavuni mwa batri. Uvuguvugu si neno. Lakini kama ni ya moto hata mkono hauvumilii, zima mashine na uiache ipoe. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, hiyo ni dalili mbaya. Usiinamie batri. Katisha umeme ukiwa mbali nayo, fungua milango, watoe watu nje, na ungojee.

BAADA YA KUCHAJI

Zima mashine kwanza, ndipo utoe vibanio. Wengi huvuta vibanio mashine ikiwa bado inafanya kazi, na cheche huruka juu ya batri wakati ule ule ambapo hidrojeni ni nyingi kuliko wakati wote. Acha batri ipumzike kidogo. Kisha ongeza maji distile hata kufika alama yake.

Batri ya volti 12 iliyojaa, baada ya kupumzika kwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12, imeishiwa. Usiiache katika hali hiyo kwa majuma, maana mabamba yake huwa magumu, na baadaye haishiki tena umeme.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kumshika mtoto, au kunyonyesha.

ASIDI IKIMRUKIA MTU

Hapa dakika ni mali kuliko dawa.

Jichoni: Usikimbilie hospitali kwanza. Osha kwanza. Mlaze mgonjwa, jicho lililoumia likielekea chini, ili maji yasiingie katika jicho zima. Fungua kope kwa vidole, hata kama analia. Mimina maji safi polepole, bila kukoma, kwa dakika 20 au zaidi. Ukimimina lita moja kila dakika, bido moja ya lita 20 itatosha dakika 20. Ndiyo sababu tulisema bido mbili. Kisha mpeleke hospitali upesi, hata akisema maumivu yamekwisha. Usitie maziwa ya mama, mafuta, majani wala dawa ya macho ya jirani.

Ngozini: Vua nguo iliyolowa asidi huku ukimwaga maji. Osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta, dawa ya meno wala magadi.

Akiinywa: Asukutue kinywa kwa maji na kuyatema. Usimtapishe, kwa maana asidi iliyochoma koo ikishuka italichoma tena ikipanda. Usimpe mafuta ya mawese. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Asidi ikimwagika sakafuni, nyunyizia magadi hata povu likome, kisha osha kwa maji mengi.

BATRI ILIYOKUFA

Batri ikikataa kabisa kushika umeme, usiivunje nyumbani ili kuuza risasi yake au kuyeyusha vizito vya nyavu. Vumbi na moshi wa risasi huingia mwilini, na haumwi mtu siku ile. Huharibu damu, figo na ubongo. Watoto ndio wanaopata shida zaidi, kwa kuwa hutia mikono kinywani, na miili yao huivuta risasi kuliko ya wakubwa. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayafutiki. Hakuna kipimo cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Hayo si maneno ya kutishia. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegali, watu walichambua udongo wenye mabaki ya batri ili kupata risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Na katika Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kilikaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani. Wakaaji, wakubwa kwa watoto, walipatikana na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu iliwapa haki yao mwaka 2024. Fedha zaweza kulipwa. Akili ya mtoto iliyopotea hailipiki.

Basi, batri iliyokufa ikae wima, bila kupinduliwa, mbali na watoto, mpaka uirudishe kwa muuzaji anayepokea za zamani.

MWISHO

Baba wa nyumba, usiku huu tazama batri yako imekaa wapi. Kama iko chini ya kitanda, iondoe kabla ya kulala. Mama, waonyeshe watoto kwa kidole na kuwaambia kwamba hicho si cha kuchezea. Vijana mnaochajisha batri za watu kwa fedha, jazeni bido zenu kila asubuhi kabla ya kupokea batri ya kwanza. Nanyi wazee wa kanisa, angalieni ile ya vipaza sauti: isichajiwe katika chumba kidogo kilichofungwa, karibu na mishumaa.

Jirani asiyejua kusoma, msomee ukurasa huu. Na Bwana awalinde, ninyi na watoto wenu.