Jaji Hapimi Kesi kwa Hasira

Ndugu msomaji, tuseme mbuzi wameingia shambani mwako na kula mihogo yote. Umekasirika. Unamkamata kijana wa jirani na kumpiga, mpaka anakubali kwamba mbuzi ni wake. Je, maneno hayo ni ushahidi? Hapana. Mtu anayepigwa husema lolote ili fimbo ikome.

Jambo kama hilo lilitokea katika kesi kubwa sana. Mshitakiwa alikuwa mzaliwa wa Zanzibar.

MABOMU YA MWAKA 1998

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa: 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Maelfu waliumia.

Marekani ilimtafuta Ahmed Khalfan Ghailani. Alikamatwa Pakistani mwaka 2004. Wakati huo Marekani ilikuwa vitani na kundi la Al-Qaeda. Kwa hiyo hakupelekwa mahakamani. Alifichwa katika gereza la siri la majasusi. Mwaka 2006 alihamishiwa Guantanamo, kambi ya jeshi la Marekani iliyoko Cuba.

Serikali ya Marekani ilisema kwamba wafungwa wa kambi ile hawawezi kulalamika mbele ya majaji wa kawaida. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikataa. Majaji 5 kati ya 9 walisema kuwa hata mtu aliyekamatwa kwa sababu ya vita ana haki ya kumwomba jaji achunguze kama amefungwa kwa sheria.

Mwaka 2009 Ghailani alipelekwa New York kushitakiwa.

JAJI ALIPIMA PANDE ZOTE MBILI

Jaji alikuwa Lewis Kaplan. Kwanza mawakili wa Ghailani waliomba kesi ifutwe, kwa sababu ilicheleweshwa miaka mingi. Jaji alikataa.

Kisha serikali ilitaka kumleta shahidi wake mkubwa. Huyu angesema kwamba alimuuzia Ghailani baruti. Lakini serikali ilimjua shahidi huyo kwa maneno ambayo Ghailani alilazimishwa kuyasema gerezani. Jaji alimkataa shahidi huyo. Baadhi ya wanasiasa wa Marekani walikasirika, lakini jaji hakubadili uamuzi wake.

Mwezi Novemba 2010 wazee wa baraza 12, yaani raia waliochaguliwa kusikiliza kesi, walitoa uamuzi. Walimwona hana hatia katika mashitaka zaidi ya 280. Walimtia hatiani kwa shitaka 1, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Januari 2011 Jaji Kaplan alimhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 2013 rufaa yake ilikataliwa.

Tazama basi. Jaji yule yule aliyemkataa shahidi wa serikali ndiye aliyetoa adhabu kubwa. Hakuwa rafiki wa mshitakiwa, wala hakuwa mtumishi wa hasira za watu.

NA HAPA KWETU?

Wazee wa Unguja wanakumbuka kesi ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Ilisikilizwa katika mahakama maalumu za wakati ule. Washitakiwa hawakuwa na mawakili. Mahakama hizo hazipo tena. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inasema kwamba mshitakiwa asihesabiwe mkosa mpaka kosa lithibitishwe.

Kwa hiyo, ndugu mwananchi, shika mambo haya matatu:

1. Ukimkamata mwizi wa karafuu, usimpige. Mpeleke kwa sheha au polisi.
2. Ukikamatwa wewe, uliza umekamatwa kwa kosa gani.
3. Ukiitwa kuwa shahidi, sema ulichokiona kwa macho yako. Usiseme ulichosikia barazani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini jaji alimkataa shahidi wa serikali?
2. Kama ndugu yako angekufa katika mabomu yale, ungependa jaji afanye nini?
3. Kama ndugu yako angekuwa mshitakiwa, jibu lako lingebadilika?