Tusivilee Vijidudu Vivunjavyo Dawa

Mfanyakazi au mkulima augua, akatoa fedha ya jasho lake akanunua dawa, naye hutazamia jambo moja tu, yaani kupona. Leo twataka kusema juu ya kitu kisichoonekana kwa macho ambacho chaweza kulivunja tumaini hilo, na juu ya wajibu wa ndugu zetu wa Mbinga na Nyasa, wilaya mbili ambazo zamani zilikuwa moja, tangu milima ya kahawa hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay ufukoni mwa ziwa.

Kitu hicho ni kimeng'enya, yaani protini itengenezwayo na bakteria ili kujikinga na dawa. Dawa za ukoo wa penisilini, pamoja na amoksilini ijulikanayo karibu kila nyumba, zina pete ya pembe nne katika umbo lake, na nguvu ya dawa imo katika pete hiyo. Kimeng'enya huikata pete kwa msaada wa maji. Pete ikikatika, dawa si dawa tena. Wala kimeng'enya hakiishi kwa kazi hiyo. Kimoja chaweza kuvunja chembe za dawa kwa mamia katika sekunde moja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1940 Edward Abraham na Ernst Chain, wataalamu wa Oxford huko Uingereza, walitangaza kwamba wamekigundua kimeng'enya cha namna hiyo, na wakati huo penisilini ilikuwa haijaanza kutumiwa na umma. Maana yake ni kwamba dawa haikumwumba adui huyu. Lakini kila tuitumiapo ovyo twaviua vijidudu dhaifu, na vile vyenye silaha twaviachia shamba zima. Tena vijidudu hupeana siri ya kukitengeneza kimeng'enya, hata aina moja kwa aina nyingine.

Ndiyo sababu wataalamu hukitoa kimeng'enya katika bakteria, wakakisafisha kikabaki peke yake, wakakitia katika vichupa vya maabara. Humo hukikutanisha na dawa mpya, waone kama itahimili. Wataalamu waligundua pia tindikali ya klavulani, ambayo hukishika kimeng'enya kisifanye kazi, na tangu mwaka 1981 imeuzwa pamoja na amoksilini. Hata hivyo vimekwisha kuzuka vimeng'enya vingine ambavyo tindikali hiyo haiviwezi.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Damu ya watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ilichunguzwa, na vijidudu vyenye vimeng'enya vikali vikaonekana humo. Wengi wa watoto walioambukizwa vijidudu hivyo walifariki. Bugando, Mwanza, navyo vimeonekana. Ulimwenguni kote, wataalamu wamekadiria kuwa usugu wa bakteria kwa dawa uliua watu 1,270,000 katika mwaka 2019.

Sasa twageukia Ruvuma. Mkoa huu una heshima yake katika habari hii, kwa kuwa ndiko yalikoanzishwa maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, kabla ya kuenezwa mikoa mingine ya Bara. Kabla ya hapo maduka ya dawa baridi hayakuruhusiwa kuuza antibayotiki, lakini yaliziuza. Mpango mpya ulimtaka muuzaji afunzwe, duka likaguliwe, na baadhi ya antibayotiki, amoksilini ikiwamo, ziuzwe kwa utaratibu. Ulikuwa mpango wa busara, maana mtu wa kijiji cha mbali hawezi kufunga safari ya Songea kwa kila homa. Lakini duka lile lile lililo ngao laweza kugeuka mlango wa adui, endapo dawa itauzwa kwa vidonge vitatu vinne, au kwa mafua ambayo antibayotiki haiyaponyi.

Hatumlaumu mvuvi anunuaye nusu ya dozi. Mara nyingi hakufanya kwa ukaidi, bali mfuko ndio uliomwamuru. Lakini nusu ya dozi ni hasara mara mbili: fedha imekwenda, na ugonjwa waweza kurudi.

Kwa hiyo twasema hivi. Mgonjwa apimwe kwanza, kisha atumie dawa kwa kipimo na kwa siku alizoagizwa, wala asimgawie jirani masazo. Muuzaji akumbuke mafunzo yake kuliko faida ya siku moja. Mfugaji asiwape kuku na nguruwe dawa bila shauri la bwana mifugo. Na wenye madaraka, ambao walitoa mpango wa taifa juu ya usugu wa dawa mwaka 2017 na mwingine wa miaka 2023 hadi 2028, wahakikishe kwamba maabara za kuotesha vijidudu zinawafikia watu wa ziwani na milimani, ili tabibu ajue ni dawa gani ingali ikifanya kazi. Dawa tulizo nazo ni chache, na kuzipata mpya huchukua miaka mingi. Yatupasa kuzilinda hizi.