Bomba Jembamba ni Deni la Kijiji

Magharibi ya mji wa Mwanga, ng'ambo ya nyika kavu ya miiba, liko Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani. Mashariki ya mji huo huo imeinuka milima ya Upare ya Kaskazini, yenye migomba na kahawa za Usangi na Ugweno. Kati ya bwawa na milima wamekaa watu wetu wa tambarare, ambao kwa miaka mingi walinunua maji kwa ndoo, au waliyafuata mbali kwa miguu, hali bwawa kubwa li karibu nao. Maji yalikuwapo, lakini maji yalikuwa chini, na watu walikuwa juu.

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Wazee wa Upare waliijua kanuni hii vizuri. Hawakujaribu kuyapandisha maji. Waliyachukua katika vijito vya milimani, wakayaongoza kwa mifereji iliyozunguka ubavu wa mlima, wakayakusanya usiku katika ndiva, na asubuhi wakayafungulia yashuke mashambani. Ndiva ya Manoo, huko Bangalala katika Wilaya ya Same, ni ushahidi wa elimu hiyo. Kazi yote ya kuyasukuma maji ilifanywa na mteremko, na mteremko hauleti ankara mwisho wa mwezi.

Lakini aishiye juu ya maji hana mteremko wa kumtumikia. Hapana budi ayapandishe, na kila ndoo ipandayo hulipiwa. Ndiyo njia iliyoshikwa na mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza mwaka 2014, ukachelewa kwa miaka mingi, na hatimaye ukazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025. Maji ya Nyumba ya Mungu husafishwa, husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu, na kutoka huko huteremka kwa uzito wake mpaka kwa wananchi.

Katika mradi mkubwa kama huo wahandisi wamekwisha kupiga hesabu zao. Sisi leo twataka kusema juu ya miradi midogo: kijiji kilichochimba kisima bondeni na nyumba zake ziko kilimani; shule iliyo juu ya bomba kuu; zahanati iliyojengwa mgongoni mwa kilima. Huko kamati ya maji ni ya majirani, wakulima, walimu na wafanyakazi kama sisi. Siku moja watu hao watakaa chini ya mti, mbele yao karatasi za bei, na mtu atauliza: Tununue bomba la inchi ngapi? Jibu litakalotolewa katika nusu saa ile litalipwa na kijiji kizima kwa miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo si jambo la kuachiwa fundi na muuza duka peke yao.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba pampu ina madeni mawili ya kulipa. La kwanza ni deni la mlima. Kama tangi liko mita 100 juu ya kisima, pampu haina njia ila kuyainua maji mita 100. Deni hili halipunguzwi kwa hila yoyote. La pili ni deni la bomba. Maji yapitapo ndani ya bomba husuguana na kuta zake, na msuguano huo hula nguvu kana kwamba mlima umeongezwa urefu. Deni hili la pili ndilo tunalolitengeneza sisi wenyewe siku ya kununua.

Watu wengi hudhani kwamba bomba likipungua upana kwa nusu, taabu itaongezeka mara mbili. Sivyo kabisa. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji mwaka 1840, alitangaza mwaka 1857 majaribio yake juu ya mwendo wa maji katika mabomba, na wengine wakaendeleza elimu hiyo baada yake. Kwa kanuni ya Wamarekani Hazen na Williams, ambayo ingali ikitumiwa na mafundi, maji yale yale yakipitishwa katika bomba lenye nusu ya kipenyo, msuguano huongezeka karibu mara 30. Na mtu akidhani atajiponya kwa kulaza mabomba mawili ya inchi 2 badala ya moja la inchi 4, ajue kwamba atahitaji zaidi ya sita ili kupata maji sawa kwa msuguano sawa.

Kuna mawazo mengine mawili yanayopotosha. Wako wanaoogopa kwamba bomba pana lina maji mengi, na kwa hiyo pampu italemewa na uzito wake. Si kweli. Mgandamizo ulio chini ya bomba hutokana na kimo cha maji, wala hautokani na upana. Bomba la inchi 2 na la inchi 4 yakijazwa maji mpaka kimo cha mita 100, kipimo kilichofungwa chini kitaonyesha namba ile ile, yaani karibu baa 10. Wengine wamemwona mtu akibana kwa kidole ncha ya mpira wa bustani, maji yakaruka mbali, wakaamini kwamba wembamba huzaa nguvu. Basi na waweke ndoo chini ya mpira huo. Wataona kwamba ukibanwa, ndoo huchelewa kujaa.

Sasa tupige hesabu ya kijiji cha mfano. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku vijijini. Kijiji cha watu 2,880 basi kinahitaji lita 72,000 kila siku, yaani ndoo 3,600 za lita 20. Pampu ikifanya kazi saa 10, yapasa kutoa lita 2 kila sekunde. Tangi liko juu mita 100, na bomba lina urefu wa mita 1,500. Tuchukulie pia kwamba nusu ya umeme hupotea katika mota na pampu, na kwamba uniti moja ya umeme yauzwa shilingi 300.

Tukitumia bomba la plastiki lenye uwazi wa ndani wa milimita 40, yaani kama inchi moja na nusu, msuguano utakula kimo cha mita 109. Mlima wa mita 100 umekuwa mlima wa mita 209! Umeme utakaotumika ni kama uniti 82 kwa siku. Tukitumia milimita 50, yaani inchi 2, msuguano ni mita 37, na umeme ni uniti 54. Tukitumia milimita 65, yaani inchi mbili na nusu, msuguano washuka hadi mita 10, na umeme ni uniti 43. Tukipanda hadi milimita 100, yaani inchi 4, msuguano hauzidi sana mita 1, na umeme ni uniti 40.

Na tuzitazame namba hizo vizuri. Kati ya bomba la inchi moja na nusu na lile la inchi mbili na nusu kuna tofauti ya uniti 14,000 na zaidi kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 4. Kwa miaka 20 ni zaidi ya milioni 80. Mama aliyekuja bombani na ndoo yake atalipia umeme karibu shilingi 7 kwa ndoo badala ya shilingi 4 kasoro, wala hataambiwa kamwe kwamba zile 3 za ziada ni bei ya wembamba wa bomba. Hata penye umeme wa jua mambo ni yale yale, kwani kijiji kitalazimika kununua paneli karibu mara mbili ili kupata maji yale yale.

Lakini hatusemi kwamba bomba lililo pana kupita yote ndilo bora. Kutoka inchi mbili na nusu kwenda inchi 4 kijiji hakitaokoa zaidi ya shilingi laki 4 kwa mwaka, hali bomba lenyewe, kwa nguvu ile ile ya kustahimili mgandamizo, lahitaji plastiki zaidi ya mara mbili. Tena maji yaendayo polepole mno huacha mchanga na matope yatuame ndani. Mafundi wengi hupenda maji yaende kati ya nusu mita na mita moja na nusu kila sekunde. Katika mfano wetu, bomba la milimita 65 huyapa mwendo wa senti mita 60 kwa sekunde, na lile la inchi 4 senti mita 25 tu. Kipimo cha kufaa ni kile ambacho ukikiongeza, fedha za bomba huzidi fedha za umeme utakazookoa. Kwa kijiji hiki ni inchi mbili na nusu au zaidi kidogo.

Yako mambo mengine ambayo kamati yapasa kuyaangalia. Mabomba ya plastiki nyeusi hupewa jina kwa kipimo cha nje. Bomba lililoandikwa 63, likiwa la daraja la PN 16, lina kuta nene, na uwazi wake wa ndani hubaki kama milimita 51. Anayedhani amenunua inchi mbili na nusu, kumbe amenunua inchi 2. Maji hayasomi maandishi ya nje. Hupita katika uwazi uliopo ndani.

Kadhalika daraja la bomba si pambo. PN 16 maana yake ni baa 16, ambazo ni sawa na kimo cha maji cha mita 160 na kidogo. Kumbukeni kwamba bomba jembamba la mfano wetu lilihitaji msukumo wa mita 209. Basi si ghali tu kwa umeme, bali lingepita kiwango chake na kuhatarisha kupasuka kule chini, ambako mgandamizo ni mkubwa kuliko pengine pote. Na kama kamati ilinunua pampu ya mita 110 kisha ikaifungia bomba hilo, pampu itanguruma mchana kutwa na tangi lisijae. Watu watasema pampu ni mbovu, watainunua nyingine, nayo itashindwa vile vile.

Umeme ukikatika ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda husimama na kurudi kwa kishindo. Katika bomba la chuma, mwendo wa mita moja kwa sekunde ukikatwa mara moja waweza kuongeza mgandamizo wa kimo cha mita 100 kwa kitambo kidogo. Katika plastiki pigo hilo huwa dogo zaidi, lakini lipo, na huwa kubwa kadiri maji yanavyokimbia. Kwa sababu hiyo vali ya kuzuia maji yasirudi, na akiba ya nguvu katika bomba, si anasa.

Mwisho, vijiji hukua. Maji yakihitajika mara mbili katika bomba lile lile, msuguano hauwi mara mbili, bali huzidi mara tatu na nusu. Ile mita 10 ya leo itakuwa 37. Pampu hubadilishwa kwa siku moja. Lakini mtaro wa mita 1,500 katika mawe ya Upare huchimbwa kwa jasho la watu wengi, na bomba zuri la plastiki hukusudiwa kudumu miaka 50.

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu walio katika kamati na vyombo vya watumiaji maji wasitie sahihi kabla ya kujibiwa maswali haya, kwa namba na kwa maandishi. Tangi liko juu ya maji kwa mita ngapi? Bomba litakuwa na urefu gani, na uwazi wake wa ndani ni milimita ngapi? Msuguano utakula mita ngapi kwa maji tunayoyataka? Umeme utakuwa uniti ngapi kwa siku kwa bomba hili, na ngapi kwa lile linalolizidi kipimo kimoja? Wahandisi wa wilaya wa wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019, wana elimu ya kuyajibu, na mwananchi ana haki ya kuwauliza. Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, kamati imepata onyo mapema.

Wazee waliochimba mifereji ya Upare walipima mteremko kwa jicho na kwa uvumilivu, nao hawakuchoka kurudia mpaka maji yakafika. Sisi tunaoyapandisha maji tuna kanuni, tuna kalamu, na tuna watu waliosoma. Haifai tushindwe kwa kuokoa fedha kidogo siku ya kununua, na kumwachia mama mwenye ndoo azilipe kidogo kidogo maisha yake yote.